Shajara ya mradi: kompyuta ya steshenari inayolala na kushindwa kuamka

Kompyuta hii ndiyo inayoendesha steshenari ya dada yangu hapa Sinza, Dar es Salaam, si mbali na Barabara ya Shekilango. Naandika kila hatua kadiri ninavyoimaliza, pamoja na makosa yangu na pesa zilizotoka, ili mwenye mashine ya aina hii asipite nilikopita mimi.

10 Januari 2026, Jumamosi: ilivyoanza

Leo asubuhi mwanafunzi mmoja wa chuo alileta ripoti yake ya field, kurasa 14 za mwandiko wa mkono, nimchapie. Saa nne akaniomba apumzike kidogo, akaenda kunywa chai. Nami nikailaza kompyuta (sleep), nikahamia kwenye mashine ya kopi. Aliporudi nikagusa kibodi. Feni ikaunguruma, taa ya kesi ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nikasubiri dakika tano nzima. Nikabonyeza Caps Lock, taa yake haikuwaka. Ikabidi niizime kwa kushikilia kitufe, na kurasa sita ambazo sikuwa nimezihifadhi zikaenda. Nilimchapia upya bila malipo hadi saa tisa alasiri. Hakulalamika hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko angenifokea.

Dada anasema tatizo lilianza Desemba, mara mbili tatu kwa wiki. Sasa ni karibu kila siku.

Mtu ataniuliza kwa nini tusiache tu kuilaza. Wateja wa steshenari huja kwa mafungu: dakika ishirini watu sita, halafu saa nzima kimya. Kuiacha ikiwaka ni kuchoma uniti za LUKU bure, na kuizima ni kumweka mteja mlangoni akisubiri mashine ifunguke. Usingizi ndio unaotufaa, kwa hiyo nataka ufanye kazi.

Mashine yenyewe: kompyuta ya mezani ya mtumba, kesi ya kawaida iliyosimama, prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda) ya DDR3 GB 8 katika vipande viwili, SSD ya GB 240. Ilikuwa na Windows 10. Huduma ya Windows 10 ilipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kuwa Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), nikanunua SSD mpya na kuweka Linux Mint 22 mwezi Novemba. Diski ya zamani yenye Windows niliitunza kwenye droo. Ikumbukwe hiyo diski, itarudi.

Mint Novemba, kuganda Desemba. Kila aliyeisikia hadithi hii alisema ni Mint. Na mimi niliamini hivyo.

12 Januari, Jumatatu: kumbukumbu za mfumo

Sikukuu ya Mapinduzi, mtaa umetulia, nimepata muda wa kuchimba.

Baada ya kuganda na kuwasha upya, nilisoma kumbukumbu za mara iliyopita:

journalctl -b -1 -e

Mstari wa mwisho kabisa ni "PM: suspend entry (deep)". Mashine ikilala na kuamka salama, baadaye hufuata "PM: suspend exit". Hapa haupo.

Nikahitimisha kwamba inakufa wakati inapoingia usingizini. Hilo lilikuwa kosa, nalisahihisha hapa hapa ili msomaji asilibebe: ujumbe unaoandikwa wakati wa kulala na kuamka huwa bado uko kwenye RAM, haujafika kwenye diski. Mashine ikifa kabla ya kuuhifadhi, ujumbe unakufa nayo. Ukimya wa kumbukumbu hauoneshi ilifia wapi.

Jaribio lililofaa zaidi leo lilikuwa rahisi. Ilipoganda, nilichukua laptopu ya dada na kujaribu kuifikia kwa ping na ssh kupitia mtandao wa ndani. Kimya. Kwa hiyo si skrini peke yake iliyoshindwa kurudi wakati mashine inaendelea chini kwa chini. Imekufa yote. Nikaacha kuhangaika na draiva ya picha, ingawa nilikuwa nimeshatumia saa mbili nayo. Nikaweka pia kerneli (kiini cha Linux) mpya zaidi. Hakuna tofauti.

14 Januari, Jumatano: kulala kwa majaribio

Kerneli ya Linux ina njia ya kuigiza usingizi hatua kwa hatua. Inakwenda hadi hatua uliyoitaja, inasubiri sekunde tano, inarudi. Hatua ni tano: freezer, devices, platform, processors, core. Mfano:

echo core | sudo tee /sys/power/pm_test
systemctl suspend

Nilizijaribu zote, kila moja mara nne. Zote zilirudi salama. Nikashindwa kuelewa: kama programu zinasimama vizuri, vifaa vinazimika na kuwaka vizuri, ni nini kilichobaki?

Kilichobaki ni umeme wenyewe. Katika maigizo haya mashine haikatiwi umeme, hata hatua ya core. Jibu lilikuwa mezani tangu leo na sikuliona.

Kosa la pili la siku: nilisahau kurudisha. Alasiri yote kompyuta ilikuwa inalala sekunde tano na kuamka yenyewe, nami nikaanza kuliandika kama tatizo jipya, nikachomoa mausi, nikabadilisha kibodi. Ukimaliza majaribio, kabla hujasimama kwenye kiti, andika:

echo none | sudo tee /sys/power/pm_test

16 Januari, Ijumaa: saa ya mashine

Hii ndiyo siku iliyotugharimu wateja.

Kuna njia nyingine, pm_trace, ambayo kerneli huandika alama ya kila hatua ndani ya saa ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa sababu saa hiyo hubaki hai hata mashine ikiganda. Ukiwasha upya haraka, ndani ya dakika chache, unasoma alama ile kwa amri ya dmesg na kuona ilikuwa inashughulika na kifaa gani. Ni mbinu nzuri, lakini gharama yake imo ndani ya maelezo yake: saa inavurugwa. Nilisoma, nikajua, nikafanya saa tatu asubuhi duka likiwa wazi.

Mashine ilirudi ikiwa na tarehe ya ajabu. Kivinjari kikakataa kufungua karibu kila tovuti, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe. Watu watatu walikuwa wanasubiri: mmoja maombi ya kazi, mmoja namba ya mlipakodi, mmoja kuprinti tiketi aliyotumiwa kwa barua pepe. Wawili walienda duka la jirani. Ilinichukua dakika arobaini, maana saa haikutaka kujisawazisha na mtandao mara moja, na mimi kwa kuchanganyikiwa nilidhani ni bando limekwisha. Ukiamua kutumia pm_trace, fanya usiku, na uiandike tarehe sahihi kwenye karatasi pembeni.

Matokeo yenyewe? Mara ya kwanza alama ililingana na kituo cha USB. Mara ya pili haikulingana na kitu. Mara ya tatu kifaa kingine kabisa. Jina lisilojirudia halina la kukufundisha.

18 Januari, Jumapili: nikadhani nimemaliza

Usiku wa kuamkia leo nilibaki dukani na kuilaza kwa zamu, sekunde 60 kila mara, mara 20:

for i in $(seq 20); do sudo rtcwake -m mem -s 60; sleep 30; done

Ikaamka mara zote 20. Nikaongeza muda hadi nusu saa, mara nne. Zote salama. Mashine ile ile, usingizi ule ule. Usiku inaamka, mchana inakufa.

Nikafikiria joto. Januari ni kaskazi, na chumba chetu kina bati juu na dirisha moja. Nikafikiria umeme wa mtaa kupanda na kushuka mchana. Sikuwa na namna ya kupima, nikaenda kwenye suluhisho la haraka. Linux inajua usingizi wa aina mbili hapa, na unaweza kuziona:

cat /sys/power/mem_sleep

Ilionesha s2idle na [deep], ile yenye mabano ndiyo inayotumika. Deep ni usingizi mzito: karibu kila kitu kinakatiwa umeme isipokuwa RAM. S2idle ni usinzivu tu: prosesa inatulia lakini pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kesi, inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Nikabadilisha kwenda s2idle, na leo mchana nikaijaribu mara 15. Ikaamka zote 15.

Nikamwambia dada kazi imekwisha.

24 Januari, Jumamosi: nafuta maneno ya Jumapili

Haijaganda wiki nzima, kweli. Lakini feni hazinyamazi ikiwa imelala, na kesi ni ya moto. Rafiki aliniazima kile kipimio cha umeme kinachochomekwa kwenye soketi. Katika usinzivu wa s2idle inakula wati 31. Katika usingizi mzito, wati 3. Kwa saa kumi za kulala kila siku, hiyo ya kwanza ni zaidi ya uniti 9 kwa mwezi, kwa kompyuta ambayo haifanyi kitu. Hii haikuwa tiba. Nimerudisha deep.

Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilitoa diski ya Windows kwenye droo, nikaifunga, nikafanya nayo kazi siku nzima bila intaneti, naandika na kuprinti tu. Saa tano na nusu nikailaza. Saa sita kasoro ikashindwa kuamka. Skrini nyeusi, feni, Caps Lock haina uhai. Saa nane mchana tena.

Mint haikuwa na hatia. Nimeshinda siku 14 nikiishtaki.

Kabla sijarudisha SSD nikajaribu jambo moja zaidi, usingizi wa kwenye diski, ule ambao mashine inahifadhi kila kilichomo kwenye RAM ndani ya diski halafu inazimika kabisa. Kwenye Windows ni amri ya shutdown /h. Mara sita, mchana, wateja wakiwemo. Ikaamka mara zote sita.

Kwa hiyo: ikihifadhi kwenye diski, inakumbuka. Ikitegemea RAM ihifadhi, inasahau. Nikasema basi RAM ni mbovu.

26 na 27 Januari: RAM

Jumatatu nilipanda daladala hadi Kariakoo, nikanunua kipande cha DDR3 cha GB 4 kwa shilingi 28,000. Nilipokuwa pale nikachukua na betri ya madabodi, CR2032, kwa 2,000, kwani ile ya zamani ilipima volti 2.6 badala ya 3 na saa ilishanitesa vya kutosha.

Nikatoa vipande viwili vya zamani, nikaweka kipya peke yake. Jumanne saa nne asubuhi ikaganda.

Jumanne usiku ndipo nikaweka memtest86+ kwenye fleshi na kuiacha ipime RAM ya zamani hadi alfajiri. Mizunguko minne, hakuna kosa hata moja. Programu hiyo ni ya bure, na ningeianza kabla ya kwenda Kariakoo shilingi 28,000 zingebaki mfukoni. Kipande kipya nimekiacha ndani, mashine sasa ina GB 12, na dada amekubali hilo kama faraja.

Lakini memtest haioni nini, nilijiuliza, kwani nayo ina mpaka wake. Inapima RAM mashine ikiwa macho, pawa saplai ikitoa kila kitu. Haipimi RAM ikiwa imelala.

31 Januari, Jumamosi: daftari la dada

Tangu Jumatano nimeweka daftari karibu na kibodi. Kila kulala: saa ngapi, muda gani, joto la chumba, nani yuko dukani, imeamka au la. Leo lina mistari 41, na mashine imekufa mara 11.

Nililitazama nikitafuta joto. Hakuna. Imeamka salama saa nane mchana chumba kikiwa na nyuzi 34, imekufa saa mbili asubuhi kukiwa na ubaridi. Nikatafuta muda. Imekufa baada ya dakika sita, imeamka baada ya saa mbili.

Dada alikuwa anahesabu pesa za siku. Akalichukua daftari, akasoma safu ya mwisho, ile ya nani yuko dukani, akaniuliza, "Mdogo wangu, hawa si ndio wale wanaoacha simu hapa?"

Nikamwomba arudie.

"Wa chaji. Huyu dereva wa bodaboda, huyu mama wa vitumbua, huyu kijana wa saluni. Simu zao nazichomeka hapa mbele kwenye kompyuta. Siku wasipokuja, mashine haikusumbui."

Tukapitia mistari yote 41 pamoja. Mara 11 zote mashine ilipokufa, kulikuwa na simu kwenye matundu ya USB ya mbele. Katika mara 30 ilizoamka, simu zilikuwepo mara tatu tu, na mara zote tatu kulikuwa na simu moja peke yake. Usiku ninapobaki peke yangu kujaribu, hakuna simu ya mtu. Jumapili ile ya s2idle nilikuwa peke yangu vilevile.

Nimefanya majaribio ya kerneli wiki tatu, na jibu lilikuwa kwa mtu anayewajua wateja. Nimemwambia hivyo, na nimeandika hapa kwa sababu ni haki yake.

2 Februari, Jumatatu: waya wa zambarau

Nieleze kinachotokea, maana hapa ndipo penye somo lote la mashine hii.

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani ina sehemu mbili. Sehemu kubwa huwaka unapobonyeza kitufe. Sehemu ndogo haizimiki maadamu waya uko ukutani, nayo inatoa volti 5 kupitia waya wa zambarau wa soketi ya pini 24. Huitwa 5VSB. Katika usingizi mzito, sehemu kubwa inazimika na kila kilichobaki hai kinanyonya kutoka kwenye waya ule mmoja: RAM inayopaswa kukumbuka, kibodi inayosubiri kuguswa, kadi ya mtandao, na, kwenye madabodi nyingi za umri huu, matundu ya USB. Pawa saplai yetu imeandikwa kwamba inatoa ampea 2 tu kwa 5VSB. Simu moja inaweza kuchukua nusu ampea au zaidi.

Ampea 2 zingetosha, kama zingekuwepo kweli. Kipimo cha ATX, kanuni ya pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya volti 4.75 na 5.25. Nilichomeka ncha moja ya multimeta (kipimio cha volti) nyuma ya soketi kwenye waya wa zambarau, nyingine kwenye waya mweusi, nikailaza mashine:

Bila simu: volti 4.93.
Simu moja: volti 4.72.
Simu mbili: volti 4.41.

Nikarudia mara tatu, namba zikabaki hapo hapo. Na multimeta inaonesha wastani tu. Mawimbi ya juu na chini ndani ya wastani huo haiyaoni, na kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme, zikizeeka ndiyo yanayoongezeka. Kwa hiyo hali halisi inaweza kuwa mbaya kuliko namba hizi.

RAM haikuwa mbovu. Ilikuwa inalala njaa. Umeme ukipungua inapoteza ilichoshika, na mashine inapoamka inakuta ndani yake maneno yasiyoeleweka, inaganda. Ndiyo sababu maigizo ya core yalifaulu, s2idle ilifaulu, usingizi wa diski ulifaulu. Katika yote hayo RAM haikutegemea waya wa zambarau.

4 Februari, Jumatano: pawa saplai ya mtumba

Nilinunua pawa saplai iliyotumika kwa 25,000, ikionekana safi. Sikwenda na multimeta. Nilipoifunga nyumbani, 5VSB yake ilikuwa volti 4.66 bila simu yoyote. Mbaya kuliko yangu. Muuzaji alikubali kuipokea akanirudishia 15,000, na nikamshukuru kwani hakuwa ameahidi chochote.

Ukinunua pawa saplai ya mtumba, beba multimeta na kipande cha waya. Unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye soketi ya pini 24 ili iwake bila kompyuta, kisha pima zambarau. Bora zaidi uipime ikiwa na mzigo, maana bila mzigo hata mgonjwa husimama wima.

7 Februari, Jumamosi: kwa fundi

Onyo kabla ya yote. Ndani ya pawa saplai umeme wa ukutani wa volti 230 hugeuzwa kuwa karibu volti 325 za mkondo mnyoofu, na kapasita kubwa zinaweza kuushika umeme huo hata baada ya kuchomoa waya. Unaweza kuua. Mimi sikufungua. Nilimpelekea fundi wa Kariakoo anayetengeneza redio, televisheni na pawa saplai kwa miaka mingi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana. Imekufa au inaumwa?"

"Inaumwa. Volti tano ya kusubiri inashuka nikiiwekea mzigo."

Alinitazama mara mbili, akavuta kiti. Akaifungua, akamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa kutumia rezista, akageuza bodi chini ya taa. Kapasita mbili ndogo karibu na mwanzo wa waya wa zambarau zilikuwa zimevimba kichwa, moja imeanza kutoa maji ya kahawia. Zilikuwa zimebanwa kando ya bamba la kupoza joto, mahali pa moto kuliko pote. Akaniambia jambo wanalolijua mafundi wote wa bodi: kapasita za aina hii, kila joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wake unapungua karibu nusu. Sehemu hii haizimiki usiku wala mchana. Vumbi limeziba feni. Dar ni joto. Miaka kumi na zaidi ya hivyo.

Akaweka kapasita tatu mpya za nyuzi 105, zenye upinzani mdogo wa ndani. Ya tatu haikuwa imevimba lakini alisema imezaliwa siku moja na wenzake. Vifaa 4,500, ufundi 15,000. Nilipomlipa aliniuliza nilijuaje kupima zambarau. Nikamweleza habari ya daftari na simu za wateja, akasema mpe dada salamu zangu.

8 Februari, Jumapili: vipimo vipya

Mashine imelala, multimeta kwenye zambarau:

Bila simu: volti 5.06.
Simu moja: volti 5.03.
Simu mbili: volti 4.99.

Nimeiacha imelala saa tatu na simu mbili zikichaji. Imeamka kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi.

Hata hivyo sikutaka kuutegemea waya huo kulisha simu za mtaa mzima. Madabodi hii ina jampa ndogo karibu na soketi ya USB za mbele: upande mmoja inachukua umeme wa 5VSB, upande mwingine umeme wa kawaida unaokatika mashine ikilala. Nimeihamishia upande wa pili. Athari yake ni kwamba kibodi ikiwa kwenye tundu la mbele haitaweza kuiamsha, kwa hiyo kibodi imehamia nyuma. Soma maandishi ya madabodi yako kabla ya kugusa, si zote zina jampa hii. Na nimenunua chaja ya ukutani yenye matundu kadhaa, 12,000. Dada ameifunga ukutani kwa urefu ambao mteja anaiona akiingia.

21 Februari, Jumamosi: wiki mbili baadaye

Daftari lina mistari 163 tangu fundi alipomaliza. Kufa: sifuri. Bado iko kwenye deep, wati 3.

Pesa: RAM 28,000, betri 2,000, hasara ya pawa saplai ya mtumba 10,000, kapasita 4,500, ufundi 15,000, chaja 12,000, nauli za Kariakoo jumla 6,000. Zote 77,500. Zilizohitajika kweli ni kapasita, ufundi, chaja na nauli ya safari moja tu.

Kama mashine yako ya mezani inaganda ikiamka, na ukiiweka s2idle haigandi, usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Chomoa kila kilichochomekwa kwenye USB isipokuwa kibodi, ilaze mara kumi, na kama inaamka zote, azima multimeta. Kwa laptopu njia hii haifai, haina waya wa zambarau wa kupima, na huko draiva huwa na hatia mara nyingi zaidi.

Yule mwanafunzi alirudi Alhamisi, ripoti imepitishwa, anataka ifungwe jalada. Alipokuwa anasubiri aliomba kuchaji simu. Dada akamwonesha ukutani.